Kapteni Aliye Chini ya Jiwe

Omer hakuwa mwongo. Afadhali jambo hilo lisemwe mapema, maana yatakayofuata yataonyesha vinginevyo. Alikuwa karani wa mizigo pale gare, kwenye stesheni ya treni, mtu wa shati safi na maneno mengi, na kila Jumapili alasiri alikuwa mwelezaji wa sinema katika ukumbi wa parokia. Mwaka ulikuwa 1963, na Kalemie ilikuwa bado inaitwa Albertville kwenye karatasi za serikali. Mashine ya sinema ya Padri ilikuwa bubu. Taa yake ndogo ya kutolea sauti iliungua wakati wa vita, na nyingine haikupatikana, si hapa wala Elisabethville. Watu wa kwenye shuka jeupe walifungua midomo na kuifunga kama samaki, na Omer, amesimama pembeni na pembe ya bati ya kupazia sauti mdomoni, ndiye aliyewapa maneno.

Filimu ya msimu ule ilikuja vipande vipande, kila Jumapili kipande kimoja. Ilikuwa habari ya Kapteni mmoja aliyepanda chombo cha moto mpaka sayari ya mbali ambayo milima yake yote ni shaba. Huko alikuta watu waliovaa makoti yanayong'aa, nao ukumbi mzima ukawabatiza siku ile ile: Watu wa Mabati. Padri alifunika madirisha kwa mablanketi, jua la saa tisa likabaki nje, na watu waliosahau hata kununua sabuni walikumbuka kuwahi benchi.

Baada ya filimu walibaki wale ambao kutazama tu hakukuwatosha. Walivuka barabara mpaka kwa Mama Célestine, aliyekaanga mikate ya mafuta kwenye uwanja wake, na hapo Sayari ya Shaba ilijadiliwa mpaka mafuta yapoe. Mkubwa wa wabishi alikuwa Papa Hubert, mashiniste wa treni, aliyekwisha kuendesha lokomotivu kwenda Kabalo na kurudi mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwake.

"Ile chombo haina breki," alisema Jumapili ya kwanza. "Mimi nimeangalia sana. Inasimama kwa nini?"

"Inasimama juu imefika," alijibu Mama Célestine, akigeuza mikate.

"Mama, kintu haisimame juu imefika! Inasimama juu muntu ameisimamisha."

Walicheka, wakala, wakaagana hadi wiki ijayo. Ndivyo mambo yalivyokuwa mazuri.

Sasa shida ilitoka kwenye masanduku. Vipande vya filimu vilikaa ndani ya wagoni pale Kabalo msimu mzima wa mvua uliotangulia, njia ikiwa imekatika, na vilipofika karatasi zote za namba zilikuwa zimebanduka. Padri alivipanga kwa kukisia. Hakuvijaribu kwanza, kwa kuwa taa kubwa ya mashine nayo ilikuwa na siku zake, na hakutaka kuichosha bure. Kwa hiyo Omer aliona kila kipande pamoja na watu wote, akieleza huku akishangaa kama wao.

Jumapili ya pili Kapteni alianguka shimoni. Watu wa Mabati walisukuma jiwe kubwa mpaka likafunika mdomo wa shimo, vumbi likatulia, mwisho wa kipande. Watu walikwenda nyumbani moja kwa moja. Mama Célestine hakuuza kitu siku ile, na Papa Hubert hakubishana na mtu.

Jumapili ya tatu Kapteni alitokea akiwa msafi, amechana nywele, anakunywa kahawa.

Ukumbi ulichafuka. Benchi zilipigwa, filimbi zikalia, mtu mmoja akadai arudishiwe kilio chake. Papa Hubert alisimama katikati ya mwanga wa mashine, kichwa chake chote kikaonekana kwenye shuka kama mlima mwingine wa shaba.

"Omer! Tueleze! Muntu alifunikwa na jiwe, leo njo anakunywa kahawa?"

Omer aliona hadithi inamkatikia mikononi. Kama kuna kitu alichokipenda kuliko mshahara wake, ni hadithi isiyokatika. Akainua pembe, na kabla akili haijauliza mdomo ulikwisha kujibu.

"Huyu hapana yule! Huyu njo ndugu yake. Ni mapasa! Yule wa chini ya jiwe njo Kyungu. Huyu njo Kabange, amekuja kumutafuta!"

Paa lilitaka kuruka kwa shangwe. Mapasa! Bila shaka ni mapacha, kila mmoja alijiona mjinga kwa kutojua. Na majina yalikuwa hayo hayo ambayo Baluba huwapa mapacha wao, wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange, hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Hata Papa Hubert aliketi ameridhika. Omer akashusha pembe, akapangusa jasho, akatazama watu wake kwa furaha. Ndipo alipomwona Mama Elisabeth kwenye benchi ya tatu, na akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mama Elisabeth, mjini wote walimwita Mama Mapasa. Wanawe walikuwa Kyungu na Kabange wa kweli. Kabange, aliyebatizwa Emile, alikuwa ameketi kando yake, kijana mpole mwenye mabega ya mtu wa bandarini. Kyungu hakuwapo. Mwanzoni mwa 1961 alikwenda na kikosi cha wafanyakazi wa reli kutengeneza daraja upande wa Kabalo, na vita vikawakuta huko huko. Wenzake walirudi kwa miguu, wamepita porini, mmoja mmoja, wamekonda. Yeye hakurudi. Hakuna aliyeona maiti yake na hakuna aliyemwona akipumua. Mama yake hakuweka matanga, wala hakunyoa, wala hakulia mbele ya watu. Nao watu, kwa huruma, wakiwa naye walizungumza juu ya mvua na bei ya samaki ndagala, na jina la Kyungu walilikwepa kama shimo la barabarani.

Omer alingoja ainuke atoke. Hakuinuka. Alitazama shuka mpaka mwisho, na filimu ilipokwisha alivuka barabara, kwa mara ya kwanza, akanunua mikate, akakaa kwenye kigoda cha Mama Célestine.

"Basi," alisema, "huyu Kabange atamutafuta wapi?"

Walitazamana. Mama Célestine ndiye aliyethubutu.

"Ataanza kwa lile shimo, Mama. Muntu anatafuta pale kintu ilipotea."

"Na jiwe?"

"Jiwe itaondoka," alisema Mama Célestine. "Kyungu hawezi kufa kwa jiwe. Mapasa mumoja akikula, mwenzake anashiba. Si umeona vile Kabange anakunywa kahawa?"

"Mimi nimeona lokomotivu ikilalia muntu," alianza Papa Hubert, lakini Mama Célestine alimkanyaga mguu.

Tangu siku ile Mama Elisabeth hakukosa Jumapili hata moja. Alifika mapema, alikaa benchi ile ile, na baadaye alikaa kigoda kile kile, anauliza. Kyungu wa filimu alijadiliwa kwa sauti kubwa mbele yake. Wengine walisema kuna mlango wa nyuma shimoni. Wengine walisema Watu wa Mabati wamemficha wamfundishe lugha yao. Fundi mmoja wa cherehani aliapa kwamba aliona jiwe likitikisika. Omer alikaa kati yao, mikate imempolea mkononi. Kila Jumapili Kapteni alionekana, akipigana, akikimbia, akila, na kila Jumapili Omer alilazimika kusema kwa pembe: "Huyu njo Kabange, bado anamutafuta Kyungu." Uongo ukishaingia nyumbani huomba chakula kila siku.

Angeweza kuuvumilia kama ungebaki mchezo. Lakini kulikuwa na habari ya Agnès.

Kabange wa kweli alikuwa amemchumbia Agnès kabla ya vita. Baba yake Agnès alikuwa mtu wa Kirungu, aliyeshuka mjini kwa kazi ya useremala na sasa alitaka kurudi mlimani kwenye mashamba yake ya maharage. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa neno la Mama Elisabeth. Mambo ya mapacha hufanywa mawili mawili. Ukimpa mmoja nguo, unampa na mwenzake. Ukimwekea mmoja sahani, unaweka ya pili. Kumuoza Kabange peke yake kulikuwa kusema mbele ya watu wote kwamba Kyungu hayupo, na hilo mama yake hakukubali kulisema. Baba yake Agnès alingoja kwa heshima, kisha akachoka. Mvua zikiisha, alisema, anapanda Kirungu pamoja na binti yake, na kule kuna mtu mwenye ng'ombe upande wa Pepa ambaye ameuliza habari zake.

Wazee walikwenda kwa Mama Elisabeth kumsihi. Aliwasikiliza, akawapa maji, akajibu kwa neno moja.

"Nitajibu filimu ikiisha."

Jibu hilo lilizunguka mji mzima kabla ya jioni. Papa Hubert ndiye aliyelileta gare, na Omer aliposikia aliketi juu ya gunia la chumvi akahesabu masanduku ya filimu. Sanduku lilikuwa limebaki moja.

Siku iliyofuata Kabange mwenyewe alikuja kwenye biro ya mizigo. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mkononi. Hakuwa mtu wa maneno, na alichosema bila shaka alikuwa amekibeba tangu nyumbani.

"Ndugu Omer, Jumapili useme amekufa."

"Nani?"

"Kyungu. Useme jiwe ilimuua toka siku ile. Kabange ameona maiti, amezika. Mama atalia. Akilia tutaweka matanga, yataisha, nami nitaoa. Wewe ukisema atakubali. Wewe Mama hawezi kukubishia."

"Emile, ni filimu."

"Najua ni filimu. Lakini Agnès hapana filimu." Sauti ilimkatika, akatazama nje kwenye reli. "Unafikiri mimi simutaki ndugu yangu? Nimelala naye tumbo moja. Lakini nimechoka kuwa nusu ya muntu."

Omer alirudi kwenye daftari lake la mizigo. Jioni yake alipita kwa Mama Célestine, naye akamvuta kando, mikono imejaa unga. "Omer, mutoto wangu, Jumapili umutoe yule Kyungu kwa shimo. Umutoe muzima. Ukimuua mbele ya yule mama, mikate yangu hutakula tena." Kwa hiyo huku aliombwa kuua na huku aliombwa kufufua, na yeye alikuwa karani wa mizigo tu. Wiki ile aliandika magunia ya mihogo kwenye wagoni ya saruji, na bosi wake akamuuliza kama ana malaria.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Agnès alikuwapo na baba yake. Padri alizima taa, mashine ikaanza kukoroma, na sanduku la mwisho likafunguka kwenye shuka.

Hapakuwa na sayari, wala shaba, wala Watu wa Mabati. Palikuwa na nyumba ndogo yenye ua na jiko linalofuka moshi. Mama mmoja mzee amevaa aproni. Mezani kulikuwa na sahani moja. Kapteni aliingia, bila kofia ya chuma, bila jeraha, kijana kuliko walivyowahi kumwona. Nje, mbali kidogo, chombo cha moto kilikuwa kimesimama kipya kabisa, hakina hata vumbi.

"Eh!" Papa Hubert alipaza sauti. "Hii njo mwanzo! Huyu bado hajaenda!"

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Watu si wajinga. Waliona sahani moja, kitanda kimoja, mama mmoja anamtazama mwana mmoja. Walianza kugeuza vichwa kumtafuta Omer. Omer alikuwa ameinua pembe. Angeweza kusema Kabange wa filimu ametoka kidogo kuchota maji. Angeweza kusema hii ni ndoto. Maneno yalikuja mengi, yamejipanga, na kila alipofungua mdomo aliiona benchi ya tatu: Kabange anamkazia macho, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na kando yake mama yake, ametulia. Pembe ilishuka yenyewe. Mashine ikakoroma peke yake.

Ndipo Mama Elisabeth alipoinuka. Alipita kati ya magoti ya watu, akaja mpaka mbele, akanyoosha mkono.

"Lete ile bati."

Omer akampa. Mama Elisabeth aliishika pembe kama mtu anayeshika chungu cha jirani, kwa uangalifu, kisha akaiweka mdomoni. Alieleza kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuelekeza njia ya sokoni.

"Huyu ni muntu mumoja," alisema. "Toka mwanzo ni mumoja. Yule wa jiwe, yule wa kahawa, huyu, wote ni huyu. Na huyu ni mama yake. Anamuambia, kula kwanza. Mutoto anasema, nitakula huko. Ni uongo, huko hakuna chakula. Sasa mama anamufunga kifungo ya shingo. Mutoto anaona haya, njo anacheka. Anasema, mama, ni siku chache tu, tunatengeneza, tunarudi."

Kwenye shuka Kapteni alifungua mlango wa ua.

"Sasa anaenda. Mama anapunga mukono. Halii. Halii juu hajui kama ni mara ya mwisho. Angejua angemushika." Aliwageukia watu. "Mimi siku ile nilikuwa kwa soko. Nilirudi, nikakuta amekwisha kuenda na wenzake. Sikumupungia."

Chombo kilitoa moto, kikapanda, kikawa kidogo, kikapotea. Mama Elisabeth alikuwa ameinua mkono wake wa kulia hewani, kivuli chake kikaonekana kikubwa kwenye shuka. Aliuacha hivyo mpaka mwanga ukawa mweupe mtupu na mkia wa filimu ukaanza kupiga pap, pap, pap. Padri alisahau kuzima. Papa Hubert, mwenye lokomotivu zake, alikuwa analia wazi wazi na hakutafuta hata leso.

Nje, jua lilikuwa bado kali. Omer alimfuata Mama Elisabeth mpaka katikati ya barabara, pembe kwapani, hana pa kuweka uso.

"Mama, unisamehe. Ulijua toka lini?"

"Toka ile kahawa." Alimtazama kwa mshangao kidogo, kana kwamba swali halikustahili mtu mwenye shule. "Omer, mimi nimezaa mapasa. Yule muntu anavuta sikio kabla ya kusema, na ngazi anaipanda kwa muguu wa kushoto. Wale wawili wote vile vile? Wangu hawakufanana hata ndani ya tumbo. Mumoja alipiga teke, mumoja alilala."

"Sasa juu ya nini ulikuja kila Jumapili?"

Mama Elisabeth aliangalia upande wa Mama Célestine, ambako kigoda chake kilikuwa kinamngoja.

"Kwangu hakuna muntu anauliza. Wanaingia, wanaongea mvua, wanatoka. Hapa Jumapili yote watu wazima walikuwa wanapigana maneno: Kyungu iko wapi, Kyungu anakula nini, nani atamutoa. Nilikuwa nakuja kusikia muntu anamutafuta mutoto wangu. Uongo ulikuwa wako, lakini zile Jumapili zilikuwa zangu."

Omer alitoa pembe kwapani, akaiweka chini.

Kabange alikuwa amesimama nyuma yao, hathubutu kusogea. Mama yake alimwita.

"Emile, kesho twende kwa baba yake Agnès. Filimu imeisha, na mimi nilisema nitajibu." Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile ya sokoni: "Lakini kila kintu mubebe mbili mbili."

Matanga yaliwekwa wiki ile, ya kimya, kwa kuwa kwao pacha haombolezwi kwa kelele. Arusi ikafuata kabla njia ya Kirungu haijakauka. Kabange alivaa suti moja na ya pili ilikunjwa vizuri juu ya kabati. Mezani mbele ya maarusi paliwekwa viti vitatu, na sahani tatu. Papa Hubert alikuja na swali lake lililobaki, kwamba kama yule ni mtu mmoja, na kipande cha jiwe ndicho cha mwisho kabisa, basi Kapteni mpaka leo yuko chini ya jiwe na hakuna aliyekwenda kumtoa. Akabishana na Omer mpaka wali ukapoa. Omer alisema hajui. Alianza kuizoea kauli hiyo.

Wakati wa kula, mjomba mmoja wa Agnès, aliyeshuka kutoka mlimani siku ile ile, alikosa pa kukaa. Akaona kuwa kando ya bwana arusi, kwenye kiti cha tatu, ameketi mama yake, mahali ambapo mama wa bwana arusi kwa kawaida haketi, na mbele yake kuna sahani iliyojaa. Akainama kwa adabu akamuuliza yule mama kama kiti alichokalia ni chake.

"Hapana," alisema Mama Elisabeth, "ni cha Kyungu," akamega ugali, akaendelea kula.